Mie na shahada yangu ya mapazia

Jamani mie nshachoka kuulizwa nasomea nini. Wenzangu raha zao, anaesoma udaktari akisema udaktari wazee wanapiga mashallah yamekwisha, anaesoma sheria hivyo hivyo, mie nikisema usanifu wa ndani basi hapo ndo kikao kinafunguliwa. Bibi yangu mwaka wa kwanza alisikia usanii. Usanii wa ndani. Akawa anawapa wenziwe habari kuwa mjukuu wake kaenda Dar kusomea kuimba ila si kuimba kwa majukwaani, ni kwa ndani, na wao wakaona afadhali basi, angalau mtoto hajianiki. Mwaka wa pili ikawa zamu ya shangazi, tena mbele za watu, ati mwanangu hizo nguo za ndani mnashona wenyewe au mnaagizia Dubai?

Nikaona nirahisishe. Nikamwambia shangazi sisi tunapanga nyumba kwa ndani, rangi, taa, viti, watu wapite wapi, upepo uingie wapi. Akafikiri, akafikiri, uso ukamkunjuka: "Aaa, mapazia!"

Toka siku hiyo mie ni mtu wa mapazia. Ukoo mzima. Na nyie mnajua Unguja ikikaribia Idi hakuna nyumba isiyobadilisha mapazia, basi Ramadhani iliyopita kumi la mwisho watu wako msikitini wanautafuta usiku wa cheo mie niko juu ya ngazi kwa shangazi Magomeni natia vishikizo kwenye bomba, chini yupo yeye ananielekeza "kushoto kidogo, we si msomi?" Malipo sambusa tatu, moja ishapasuka.

Barazani nako sipiti kwa amani. Wazee wameketi na kahawa yao na dhumna, ami mmoja akaniita, wewe ndo injinia? Nikasema hapana ami, mie ni ndani ya jengo. Akasema vizuri, basi tueleze, Beit al-Ajaib ilipoporomoka ile 2020, iliangukia ndani au nje? Nikajitia ujuaji nikaanza ami jumba lile kalijenga Seyyid Barghash mwaka 1883 na... akanikata, "hatukukuuliza kajenga nani, sote tunamjua, tunakuuliza iliangukia wapi." Nikanyamaza. Akawageukia wenzake, mnaona, mtu wa ndani hajui ndani, na bumu la serikali anakula. Wakaendelea kupiga dhumna.

Na hilo bumu laiti wangejua linakokwenda. Linakwenda stesheneri. Karatasi za A1, fomubodi, visu, gundi, kuprinti rangi halafu rangi inatoka kijani wakati kwenye laptopu ilikuwa kahawia, unarudia. Mwisho wa muhula tulitakiwa modeli kwa skeli ya 1:20, yaani sentimita 1 ya modeli ni sentimita 20 za nyumba yenyewe, sasa piga hesabu nyumba ya mita 16 inakuwa sentimita 80, hiyo si modeli hiyo ni meza. Masiku matatu silali, supa glu imeniganda vidoleni mpaka simu ikanikataa, naweka kidole inaniambia siye wewe. Na siku ya prezentesheni lekchara kaitazama kwa dakika mbili, akaninyooshea sofa niliyoikata kwa kisu usiku kucha akauliza, hii ni tofali?

Chuo kikafungwa, bwenini haibaki kitu, ikabidi nivuke nayo. Mwezi wa saba huo, kusi limekaza, boti inapanda inashuka, watu wamejaa na mifuko yao ya kutapikia, mie nimekumbatia nyumba. Mtoto mmoja akasema mama tazama tundu la njiwa. Mama mtu akamtuliza, halafu taratibu akaweka kapu lake juu ya paa langu kwa vile aliona pale pametulia. Kufika bandarini Malindi mchukuzi kanikimbilia, keki ya nani hiyo, harusi lini? Nyumbani nikaiweka juu ya sanduku uchagoni, asubuhi ya tatu naamka paka wa nyumbani kazaa watoto wanne kwenye ukumbi wa wageni. Watoto wanne! Nikakasirika kidogo lakini baadae nikaona ndo mtu wa kwanza kuingia kwenye nyumba yangu akapenda kukaa, tena hajauliza sofa au tofali.

Sasa hebu nikwambieni tunachofundishwa mpime wenyewe. Kuna yule msanifu mkubwa wa Ufaransa, Le Corbusier, alikuwa na vipimo vyake vinaitwa Modulor, kamchora mtu wa mita 1.83, akinyoosha mkono juu anafika 2.26, na kwenye huyo bwana ndo anatoa kimo cha dari, kiti, meza, kila kitu. Mie nikachukua futi nikapita nyumba nzima. Baba hafiki. Mama ndo kabisa. Bibi 1.48 na hapo kajinyoosha kwa kuwa kaona anapimwa. Kwetu chenye mita 1.83 ni kabati la vyombo tu.

Jikoni tunaambiwa kaunta iwe sentimita 90 mtu apike kasimama asiinamishe mgongo. Mama anakuna nazi kakaa kitako juu ya mbuzi, kile kibao cha kukunia. Nikamuuliza lekchara, mtu wa bara huyo, mwalimu na mbuzi je, kwenye ramani naichora wapi? Akaniambia kwa upole kabisa kuwa siku hizi haturuhusu mifugo jikoni. Darasa zima halikucheka, maana karibu wote na wao wa bara. Nikakaa chini.

Na lile kabati sasa. Kuna Mjerumani, Mies van der Rohe, fikra yake ni kuwa kidogo ndo kingi, ondoa mapambo, acha nafasi ipumue. Nikaja nayo nyumbani motomoto. Kabati la mama limejaa sahani za maua, birika nne, vikombe vya dhahabu ambavyo toka nizaliwe hajawahi kunywea kiumbe, juu yake vitambaa vya kufuma na juu ya vitambaa maua ya plastiki. Nikasema mama, kidogo ndo kingi. Akasema sawa, basi leo na wali wako uwe kingi hivyo hivyo. Akanipakulia vijiko viwili.

Lakini kinachoniuma hasa ni mjomba. Nyumba yetu ni ya bibi, Mkunazini, humu humu Mji Mkongwe uliotiwa kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2000, kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, nene nusu mita, dari ya boriti za mikoko. Wageni wanauliza kwa nini vyumba vyembamba halafu virefu, jawabu ni hiyo boriti, urefu wake ni kama mita 3 hivi basi na chumba upana wake unaishia hapo hapo, mkoko ndo uliochora ramani. Sasa mjomba kaja na pesa zake na fundi wake anataka kupiga plasta ya saruji chini. Nikamwambia mjomba usifanye, chokaa inapumua, unyevu unaingia unatoka, ukiiziba na saruji unyevu unakwama ndani mpaka plasta ivimbe ianguke. Hiki ndo kitu kimoja ambacho nakijua kwa uhakika wallahi, mtihani wake nilipata A. Mjomba akamwangalia fundi, fundi akamwangalia mjomba. "Ukuta unapumua? Una pua?"

Saruji ikapigwa. Na juu ikaja jipsam, boriti zote zikazikwa, jipsam lenye ngazi ngazi na taa za kuzunguka, bluu, nyekundu, bluu, bibi anasali isha humo msala unabadilika rangi. Masika ilipoingia plasta ikavimba kama andazi, siku ya pili kipande kikaanguka karibu na sufuria. Mkanisifu? Thubutu. Mjomba kapiga simu, "si yupo mtu humo ndani anasomea kuta, alikuwa wapi?"

Basi likizo hii nikasema siingilii ya watu, nitatengeneza chumba cha bibi tu, mwenyewe karidhia, tena kwa dua. Samadari yake imeinuka mpaka kiunoni kwangu, anapanda kwa kibao. Tunafundishwa kitanda cha mtu mzima kiwe chini, akikaa nyayo zifike sakafuni. Nikamwambia bibi nikikate miguu kitanda? Akaniangalia. Nikaendelea na mengine. Nikainama chini yake, humo mna sanduku la kanga, ndoo ya mchele, sufuria la shughuli, godoro la mgeni na feni ya marehemu babu, na sisi lekchara alitukalisha saa mbili kutufundisha namna ya kutumia nafasi iliyopotea, kumbe ilipotea kwao.

Nikaona nihamishe kabati la nguo tu, lilikuwa limekaa njia ya upepo kati ya dirisha na mlango. Nikalisukuma upande wa pili. Upepo ukaingia jamani, pazia likapepea (nimelitundika mie), bibi mwenyewe akasema alhamdulillah. Nikapiga picha nikawatumia wenzangu wa studio.

Saa tisa usiku bibi kaamka kutia udhu, giza, yeye hawashi taa, miaka na miaka anajua hatua sita unageuka kulia. Kageuka kulia. Ukelele alioupiga majirani walidhani mwizi. Kidole gumba cha mguu kimevimba, asubuhi kikao, baba, mama, mjomba kwenye simu kaweka spika, na shangazi kaja mbio toka Magomeni na bado kapata nafasi ya kuniambia lile pazia la sebuleni kwake linalala upande.

Kabati limerudi pale pale kwenye njia ya upepo. Futi kamba yangu ya nailoni, ya mita 30, niliinunua kwa bumu, ikapotea siku hiyo hiyo na kila nikimuuliza bibi anavuta tasbihi. Jana nimeiona uani. Imefungia mlango wa tundu la kuku, imezungushwa mara nne ikapigwa fundo, na fundo limeangukia kwenye 1.83.