Tuache kufundisha kwamba 'win' ni kushinda

"We won them" ni kosa la mtu makini. Aliyelitamka amefuata sarufi aliyokua nayo: tuliwashinda, kila kiungo mahali pake, 'wa' ya watendwa ikiwa imekaa katikati ya kitenzi. Tatizo lilianzia nyuma, kwenye ule mstari wa ubaoni au wa kamusi unaosema 'win' ni shinda. Kurasa kadhaa mbele, 'beat' nayo ni shinda, na 'defeat' vilevile. Mwanafunzi akipewa maneno matatu kwa bei ya moja, atachukua lililo jepesi kutamka na kulipachika kila mahali. Naona tumemwonea, kwa sababu Kiswahili chenyewe kina njia nzuri zaidi ya kumwonyesha tofauti, na hatuitumii.

Kushinda ni kitenzi kikarimu. Unashinda mtu, unashinda mechi, unashinda kesi, unashinda kombe, unashinda vishawishi. Kiingereza kiligawa mzigo huo. 'Win' hubeba kile kinachogombewa, au pambano lenyewe: "win the cup", "win the match", "win the case", "win the election". 'Beat' hubeba mpinzani: "beat them", "beat the champions". Kwa hiyo tuliwashinda ni "we beat them", na tulishinda mechi ni "we won the match". Anayesikia "we won them" huelewa kitu kingine kabisa: kwamba hao watu walikuwa ndiyo zawadi, nasi tukaondoka nao, kama mtu aliyeshinda redio katika bahati nasibu.

Sasa tazama waandishi wetu wa michezo. Ni nadra kuwakuta wakitegemea 'kushinda' peke yake. Wakiandika kuhusu kombe, wanasema timu imetwaa, imenyakua, imebeba, imejitwalia. Wakiandika kuhusu mpinzani, wanasema timu imemchapa, imemnyuka, imemtandika, imemcharaza, imembwaga. Kundi la kwanza lote ni la kuchukua, na la pili karibu lote ni la kipigo. Na 'beat', kabla ya kufika uwanjani, maana yake ni kupiga, kama kupiga ngoma. Mgawanyo ambao tunahangaika kuueleza kwa istilahi za sarufi tayari umo vinywani mwetu kila wikiendi.

Basi kipimo ni hiki. Kabla ya kuandika sentensi ya Kiingereza, ondoa 'shinda' na ujaribu 'twaa' au 'jipatia'. Ikikubali, andika 'win'. Jaribu 'chapa'. Ikikubali, andika 'beat'. Fainali ya Kombe la Dunia ya mwaka 2022 inatosha kwa mfano: "Argentina yatwaa Kombe la Dunia, yaichapa Ufaransa kwa penalti." Kwa Kiingereza: "Argentina win the World Cup, beat France on penalties." Huwezi kuitwaa Ufaransa, wala huwezi kulichapa kombe. Na tazama jambo jingine dogo linalopendeza: kichwa cha habari cha Kiswahili hutumia 'ya' ya wakati usiodhihirika kwa tukio lililokwisha, na cha Kiingereza hutumia wakati uliopo. Ndiyo maana huandikwa 'win' na si 'won' hapo juu. Waingereza huandika "Argentina win", wakiihesabu timu kuwa watu wengi, nao Wamarekani huandika "Argentina wins". Chagua moja ubaki nayo hadi mwisho wa makala.

Kipimo hiki kina shimo moja, na ni vizuri mwalimu aliseme mapema. Mechi haitwaliwi wala haichapwi. Vita, uchaguzi, kesi, mbio na mjadala viko hivyohivyo. Hayo ni majina ya pambano lenyewe, na yote huenda na 'win'. Hapo hakuna ujanja, ni kukariri: pambano ni 'win'. Kipimo cha pili kinachosaidia ni kuangalia ndani ya kitenzi cha Kiswahili. Ukikuta kiambishi cha mtu, 'ni', 'ku', 'm', 'tu' au 'wa', kabla ya 'shinda', karibu kila mara jibu ni 'beat'. Alinishinda: "he beat me". Ukitaka kung'ang'ania 'win' na bado umtaje mpinzani, weka 'against' katikati: "we won against them". Ni sahihi, ila ni ndefu zaidi, na wasimulizi wa mpira hawaipendi.

Je, mtu hawezi kamwe kufuata 'win' moja kwa moja? Anaweza, pale anapokuwa ndiye anayegombewa. Kampuni "wins customers", chama "wins supporters". Kuna pia "win someone over", ambayo ni kumvuta mtu aliyekuwa na shaka au upande wa pili hadi akubaliane nawe. Kwa hiyo "we won them over" ni sentensi nzuri, lakini haisemi tuliwashinda. Inasema tuliwashawishi wakawa wetu. Neno dogo 'over' likisahaulika, habari ya urafiki hugeuka kuwa kitendawili.

Upande wa kupata, 'win' ina mpaka wake pia. Mshahara hupatikana kwa kazi, nao ni 'earn'. Tiketi uliyoinunua ni 'buy'. 'Win' hutaka kiwepo kitu ambacho kingeweza kwenda kwa mwingine, au kunyimwa: zabuni, ufadhili wa masomo, kiti cha bunge, tuzo. Abdulrazak Gurnah "won" Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021. Kiswahili husema alitunukiwa, na ni sahihi zaidi kuliko alishinda, maana hakuna aliyeingia naye ulingoni. Mpira wa miguu nao umejaa 'win' ya namna hii: "win the ball", "win a corner", "win a penalty". Anayetafsiri "he won a penalty" kuwa "alishinda penalti" amepotosha tukio zima. Mchezaji huyo amesababisha timu yake ipewe penalti, na pengine hata hakuipiga yeye.

Kinyume cha 'win' ni 'lose', na hapa makosa ni mabaya zaidi kwa sababu sentensi mbovu husikika kama msiba. Tulishindwa nao si "we lost them". Hiyo ni tuliwapoteza. Ni "we lost to them", au "they beat us", au "we were beaten by them". Kitu kinachogombewa hakihitaji 'to': "we lost the match". Vitu viwili vinaweza kwenda pande mbili kwa mtu mmoja. Katika uchaguzi wa Marekani wa mwaka 2016, Hillary Clinton "won the popular vote", akimzidi mpinzani kwa takriban kura milioni 2.9 nchi nzima, na hapohapo "lost the election", kwa kuwa urais huamuliwa na kura za wajumbe wa majimbo. Ukiandika tu kwamba alishinda au alishindwa bila kutaja nini, umemwacha msomaji gizani.

'Kufungwa' nako kuangaliwe. Tumefungwa dakika ya kumi ni "we've conceded". Tumefungwa baada ya kipyenga cha mwisho ni "we lost". Na timu inayoongoza 2–0 mapumziko Waingereza husema "is winning". Kuitafsiri 'inashinda' si dhambi, lakini 'inaongoza' ndiyo inayosema ukweli wa ubao wa matokeo, kwa kuwa dakika arobaini na tano bado zipo.

Neno linalodanganya kuliko yote katika familia hii ni 'unbeaten'. Linasomwa kana kwamba ni 'imeshinda zote'. Maana yake ni haijapoteza, na sare zimo ndani. Arsenal walimaliza ligi kuu ya Uingereza msimu wa 2003–04 wakiwa 'unbeaten' katika mechi 38: walishinda 26 na kutoka sare 12. Anayeandika kwamba walishinda mechi 38 amewaongezea ushindi 12 ambao haukuwepo. Kushinda mfululizo bila sare ni "a winning run", kitu tofauti.

'Defeat' kama kitenzi ni 'beat' iliyovaa suti. Inafaa vita, uchaguzi, taarifa rasmi. Kama jina, inahitaji jicho kali. "Argentina's defeat of France" ni ushindi wa Argentina. Ondoa "of France", ubaki na "Argentina's defeat", na maana inapinduka: sasa ni Argentina walioshindwa, kama walivyofungwa 2–1 na Saudia katika mechi yao ya kwanza ya mashindano yaleyale ya 2022. Maneno mawili madogo ndiyo yanayoamua nani kalala na viatu.

Maumbo yenyewe hayana fumbo, ila yanahitaji kutamkwa kwa sauti. 'Win' huwa 'won', na 'won' hutamkwa sawasawa na namba moja, 'one'. 'Winned' haipo. 'Beat' haibadiliki wakati uliopita: "yesterday they beat us". Umbo la tatu ni 'beaten': "we were beaten". Ukiona 'beats', hiyo ni ya sasa au ya kawaida.

Zipo 'shinda' ambazo hazihusiani na ushindani hata kidogo, na mwanafunzi aambiwe wazi aziache nje. Nilishinda nyumbani ni "I spent the day at home". Mrefu kushinda mimi ni "taller than me". Nimeshindwa kufungua mlango ni "I couldn't open the door". Anayeandika "I was defeated to open the door" anachekesha bila kukusudia. Kazi imenishinda ni "the job is too much for me". Kiingereza kina "it beats me", ambayo kwa umbo ni pacha wa imenishinda, lakini hutumika kwa jambo usilolielewa tu. Mzigo mzito hausemwi hivyo.

Ugonjwa ni sehemu moja ambapo milango yote miwili iko wazi. Aliyepona saratani "beat cancer", kwa kuwa ugonjwa umechukuliwa kama adui. Au "won the fight against cancer", kwa kuwa sasa kinachotajwa ni pambano. Mwanafunzi anayeweza kueleza kwa nini sentensi zote mbili zinasimama, na kwa nini "won cancer" haisimami kabisa, huyo hahitaji tena mstari wa kamusi.