Miezi Saba Kabla ya Kidato cha Tano: Aljebra Irudiwe au Iachwe?

Mtihani wa kidato cha nne ukiisha Novemba, nguzo za umeme za mji wetu huu mdogo wa Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania huvishwa mabango ya tuisheni siku hiyohiyo: "Pre-form five, PCM, PCB, EGM, walimu mahiri, nafasi chache." Herufi hizo ni tahasusi, yaani makundi ya masomo matatu: PCM ni fizikia, kemia na hisabati; PCB ni fizikia, kemia na baiolojia; EGM ni uchumi, jiografia na hisabati. Kuanzia hapo hadi shule zipokee kidato cha tano Julai kuna miezi saba hivi, na mzazi mwenye kijana anayependa sayansi huanza kuulizwa na majirani kama ameshampeleka. Mama mmoja wa jirani alikuja kuniuliza kinyume chake. "Mwalimu, huyu akikaa nyumbani, akalima, akapumzika, huko adivansi atapotea?"

Ndani ya swali lake mna maswali mawili: kama aljebra ya awali inahitaji kurudiwa kabla ya hisabati ya kidato cha tano, na kama kinachouzwa kwenye mabango ni marudio kweli. Nianze na la kwanza, maana ndilo lenye nyama.

Mwanafunzi wa PCM au EGM atakutana na kalkulasi, hisabati ya kupima kitu kinavyobadilika, na mapema tu ataambiwa atafute mteremko wa grafu ya 1/x kwa kuanzia kwenye msingi wenyewe, si kwa kanuni ya kukariri. Anaandika 1/(x + h) − 1/x, h ikiwa hatua ndogo kutoka x, kisha yote anagawanya kwa h. Hatua inayofuata si kalkulasi. Ni kutoa sehemu mbili zenye asili tofauti, kazi ya shule ya msingi, ila safari hii namba zimevaa herufi. Asili inakuwa x(x + h), na kiasi kinakuwa x − (x + h). Hapo ndipo watoto wanapozama. Mabano yakifunguliwa vizuri inabaki −h. Yakifunguliwa kwa haraka, alama ya kutoa ikamgusa x peke yake, inabaki h. Ukigawanya kwa h na kuiacha h ielekee sifuri, wa kwanza anapata −1/x², wa pili anapata 1/x². Kalkulasi katika swali zima ni ule mstari wa mwisho tu. Mistari yote ya juu yake ni aljebra, na mingine haijafika hata kidato cha pili. Lakini kijana akipata mkasi, ile alama ya kosa, anatoka darasani akisema kalkulasi ni ngumu, ilhali hata hakuikaribia.

Jiometri ya majira, ile ya nukta na maumbo kwenye grafu, nayo ni hivyohivyo. Duara lililoandikwa x² + y² − 6x + 4y − 12 = 0 halisemi lolote mpaka ukamilishe miraba, uone kwamba ni (x − 3)² + (y + 2)² = 25, kitovu kipo (3, −2) na nusukipenyo ni 5. Anayejua kukamilisha mraba anamaliza kwa dakika mbili. Asiyejua atakariri kanuni ya kitovu, kisha asahau kama ni 3 au −3. Kikokotoo, ambacho kidato cha nne walikatazwa na sasa wanaruhusiwa, hakitamsaidia: herufi hazibonyezwi.

Nimeambiwa mara nyingi kwamba waliochaguliwa tahasusi za hisabati wamekwishafaulu somo, sasa wanarudia nini? Wamefaulu, sawa. Ila tukuangalie huko kufaulu kwenyewe. Katika somo ambalo takriban robo tatu ya watahiniwa wa nchi wamekuwa wakipata F miaka ya karibuni, C inang'aa kama dhahabu na nyumbani huchinjwa kuku. C hiyo inaanzia alama 45. Mwenye nayo anaweza kuwa ameacha zaidi ya nusu ya karatasi, na karatasi haituambii aliacha nusu ipi. Pengine alipata alama zake kwenye takwimu, hesabu za biashara na dunia kama tufe, na vipeuo hakuvigusa kabisa.

Halafu kuna suala la muda. Watu husema pengo la miezi saba. Mimi naliona kubwa zaidi. Kwa muhtasari uliotumika miaka mingi, vipeo na vipeuo, kutafuta vigawo vya semi, milinganyo ya kipeo cha pili na logarithimu vyote vilifundishwa kidato cha pili. Anayeingia kidato cha tano Julai 2026 alivisoma mwaka 2023. Kidato cha tatu na cha nne alivitumia kwa kuvipitia juu juu, basi. Kwa hiyo hata yule aliyetoka kwenye mtihani akiwa moto moto, aljebra yake inaweza kuwa ya miaka mitatu iliyopita.

Upande wa pili una hoja nzito kuliko mabango yanavyotaka tuamini. Mwaka 1991, Harry Bahrick na Lynda Hall walichapisha utafiti uliofanyika Marekani, wakipima watu wanakumbuka nini katika aljebra waliyosoma sekondari, wengine ikiwa imeshapita miaka 50. Waliokuwa wamepata alama nzuri za aljebra lakini hawakuendelea na hisabati, baada ya miongo kadhaa walikaribia kuwa sawa na mtu anayebahatisha. Waliofika kalkulasi na zaidi waliibakiza karibu yote, hata kama hawakuigusa tena. Kilichoitunza aljebra hakikuwa werevu wa kuzaliwa wala alama za darasani. Ilikuwa ni ile hali ya kuitumia, mwaka baada ya mwaka, ndani ya hisabati ya juu yake.

Mwalimu mwenzangu wa adivansi anaposema, "Waache wapumzike, aljebra itakaa vizuri wakiwa njiani," hasemi ovyo. Mtoto anayefungua mabano mara mia ndani ya kalkulasi anayafungua kwa sababu anataka kufika mahali. Anayefungua mabano 100 sebuleni mwezi Desemba, bila kujua yanampeleka wapi, hupiga miayo, na kufikia Julai nusu yake imeshayeyuka. Pia ni vijana wa miaka 17 waliokuwa wakiamshwa saa kumi usiku kwa ajili ya maandalio. Kupumzika ni haki yao.

Hoja hiyo naikubali nusu. Utafiti ule unatueleza kuhusu waliofika. Haumzungumzii aliyeshukia njiani, na kwetu wanaoshuka tunawaona kila mwaka: wiki ya tatu au ya nne anaingia ofisi ya taaluma na barua ya kubadilisha kombi, kutoka PCM kwenda HKL au HGL, tahasusi za sanaa. Wengine wanaipenda sanaa kwa moyo, nawatakia heri. Wengine wamefukuzwa na mabano. Mtihani wa kidato cha sita ni Mei, kwa hiyo ile miaka miwili haitimii, na mwalimu mwenye muhtasari mrefu hawezi kusimama wiki mbili kueleza sehemu za aljebra. Aljebra hukaa vizuri njiani kwa yule aliyepata nauli ya kupanda gari.

Kwa hiyo kurudia, ndiyo. Ila kuliko kurudia vibaya, afadhali kulima, na hapa naingia kwenye swali la pili la yule mama.

Tuisheni nyingi za mabango hazirudii chochote. Zinaanza Desemba na mada za kidato cha tano, kwa sababu ndicho mzazi anachokiona kuwa kipya na ndicho kinachomfanya kijana ajisikie yuko mbele. Anarudi nyumbani anajua kanuni ya kalkulasi ya xⁿ, na 5 − (x − 2) bado anaandika 3 − x badala ya 7 − x. Niwatendee haki: zipo zenye walimu wazuri, na hata zile za kawaida humwondoa kijana kijiweni na kumpa wenzake wa kusoma nao, jambo lisilodharauliwa. Lakini ghorofa la pili halimsaidii mwenye ufa kwenye msingi.

Na ufa wenyewe mara nyingi si kusahau. Ni kukumbuka vizuri kitu kisicho sahihi. Mfano ninaoupenda ni MAGAZIJUTO. Tumeuimba wote: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Sasa mpe mtoto aliyeushika barabara 10 − 3 + 2. Wimbo unamwambia kujumlisha kunatangulia kutoa, kwa hiyo anajumlisha 3 na 2 kwanza, anapata 10 − 5, yaani 5. Jibu ni 9, kwa sababu kujumlisha na kutoa vina cheo kimoja na hufanywa kwa kufuata mfuatano kutoka kushoto. Kosa hilo likivaa herufi, 10 − 3x + 2x inageuka 10 − 5x, wakati ni 10 − x. Wimbo haukutaja vipeo pia, ndiyo maana −3² na (−3)² kwa wengi ni kitu kimoja. Mtoto huyu akirudia kwa bidii miezi saba bila mtu wa kumshtua, ataingia kidato cha tano akiwa bingwa wa kukosea kwa kasi.

Ndiyo maana ningependa marudio yaanze kwa kusaka makosa, si kwa kufungua kitabu ukurasa wa kwanza. Baraza la Mitihani huweka kwenye tovuti yake taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, swali kwa swali, na ndani yake kuna vipande vya kazi halisi za watahiniwa waliokosea na waliopatia. Ni bure. Mkalishe kijana na taarifa ya hisabati ya mwaka wowote, mfunikie maelezo, mwambie atafute mtahiniwa alipoteleza. Asipoona kosa, hilo ni lake pia. Nimeona jioni moja ya namna hiyo ikifanya kazi ya wiki nzima ya mazoezi. Vitabu navyo vipo kwenye maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu, kwa mwenye simu na bando.

Mazoezi yenyewe yachanganywe. Vitabu vyetu huweka maswali 30 ya aina moja pamoja, na mtoto akifika la tano hafikiri tena. Mwaka 2007 Doug Rohrer na Kelli Taylor walilinganisha njia hizo mbili kwa wanafunzi wa chuo huko Marekani. Wakati wa mazoezi, waliopewa maswali ya aina moja moja walifanya vizuri zaidi. Wiki moja baadaye kwenye mtihani walipata asilimia 20, waliochanganyiwa wakapata 63. Swali la logarithimu likikaa kati ya mlinganyo na sehemu, mtoto lazima ajiulize kwanza hiki ni nini, na hilo ndilo atakaloulizwa adivansi kila siku.

Kuhusu muda nina msimamo ambao wenzangu wengi hawaupendi. Miezi saba ni mingi mno. Desemba na Januari ni msimu wa kilimo huku kwetu, na kijana aliyekuwa bweni miaka minne anahitajika nyumbani. Msichana hasa, ambaye akirudi tu ndoo, jiko na wadogo zake vinamgeukia. Kumwambia asome saa nne kwa siku ni kumtwisha zamu ya pili. Matokeo nayo hayajatoka. Orodha ya waliopangiwa shule huchelewa zaidi, na wengine watakwenda vyuo vya kati. Siku mbili tatu za kusaka makosa baada ya matokeo, kisha wiki nane kuanzia Aprili mwishoni, nusu saa au dakika 40, mara tatu au nne kwa wiki, zinamtosha mwenye C au B. Marudio yakiwa karibu na Julai, hayapati muda wa kuyeyuka. Wa PCB wasidhani nawaacha: wengi walioikimbia hisabati wanaikuta BAM, hisabati tumizi ya msingi, inawasubiri mlangoni, na kalkulasi imo.

Yule mama nilimwambia amlete kijana. Sikumtajia kalkulasi. Nilimwandikia tu arahisishe 1/(x + h) − 1/x, kisha agawanye kwa h. Alirudi kesho yake na jibu safi la mwandiko mzuri: 1/(x(x + h)), chanya. Nikamwambia aweke x = 1 na h = 1 pande zote mbili. Upande wa swali ulimpa −½, upande wa jibu lake ½. Akakodolea macho karatasi, akarudi mstari kwa mstari, akafika kwenye mabano, akacheka mwenyewe.

Mama akauliza kama basi sasa aende akalipie tuisheni. Nikamwambia mahindi yapaliliwe kwanza, tuonane Aprili.