Fundi wa faiba asiondoke kabla hujaiona namba

Fundi akimaliza kufunga faiba nyumbani, yaani intaneti inayokuja kama mwanga ndani ya uzi wa kioo, anachukua simu yako, anapima spidi, anakuonyesha mshale ulivyopanda, unatia sahihi, huyo anapanda bodaboda. Kwangu mimi, hapo kazi bado haijakabidhiwa. Spidi ya siku ya kwanza inathibitisha tu kwamba intaneti imefika. Haisemi mwanga uliofika una nguvu kiasi gani.

Ninachotaka kuona ni kipimo cha mwanga unaoingia kwenye kisanduku cha faiba ukutani, kinachoandikwa kwa dBm, kizio cha nguvu ya mwanga. Huwa ni namba hasi, na kadiri inavyosogea karibu na sifuri ndivyo mwanga unavyokuwa mkali. Kwenye GPON, teknolojia inayotumika sana kwa faiba za majumbani, kipokezi cha kawaida cha daraja B+, yaani sehemu ya kisanduku inayopokea mwanga, kinafanya kazi kati ya -8 na -27. Ukizidi mkali kinalemewa, ukififia kupita -27 kinaanza kukatakata. Sasa chukua nyumba mbili, moja ina -20 na nyingine -26. Leo zote mbili zitatoa spidi ileile kwenye simu, ila ya kwanza inapata mwanga mara nne ya ile ya pili. Waya ukivutwa kidogo tu pale kwenye nguzo, ya pili ndiyo itakayozimika.

Wateja nao tuna letu: tunamwambia fundi "ongeza signal". Aongezee wapi? Hili si dishi la kugeuzageuza juu ya bati. Kipokezi hakina pa kukoleza mwanga. Kinachowezekana ni kupunguza unaopotea njiani. Splita ya kugawa nyumba 32 peke yake inakula takriban desibeli 17, yaani inaishusha namba yako kwa 17 hivi, na hiyo si kosa la fundi wako.

Lakini mita za mwisho ni zake. Njia ya mwanga ndani ya uzi ina upana wa mikroni 9 hivi, nyembamba kuliko unywele, kwa hiyo alama ya kidole kwenye ncha inatosha kuharibu kila kitu. Halafu unamkuta mtu anaipuliza kwa mdomo au anaifuta kwa shati! Kuna kitambaa kisichoacha nyuzi na spiriti safi kwa kazi hiyo. Kichwa cha kijani cha kuchomekea waya nacho ncha yake imekatwa mshazari wa digrii 8; ukikichomeka kwenye tundu la bluu, ncha hazikutani sawasawa. Na ule waya uliokunjwa kona kali nyuma ya kabati la TV, au kubanwa kwa msumari, unavujisha mwanga palepale. (Usichungulie ncha kuona kama "unawaka": mwanga huo hauonekani kwa macho, na unaweza kukuumiza.)

Sehemu ya kuweka waifai mtapatana wenyewe.

Kama fundi analipwa kwa idadi ya nyumba, sishangai akiharakisha. Ndiyo maana kampuni ziiweke namba hiyo kwenye fomu tunayotia sahihi. Kwa sasa naiandika mwenyewe ubavuni mwa kisanduku, pamoja na tarehe. Intaneti ikisumbua na huduma kwa wateja wakaniambia nizime niwashe, nawauliza kipokezi kinasoma ngapi leo. Kama kilikuwa -19 na sasa ni -25, hata nikizima mara ngapi haisaidii. Walete fundi mwenye kipimo.