Ngozi ya kamera kuukuu inapoila kamera yenyewe

Mtu akivua ngozi iliyochakaa ya kamera ya zamani na kuivika mpya, hakosi wa kumlaumu kwamba ameichuna historia. Lawama hizo huwa kali zaidi kwa kamera za renjifainda, zile ambazo mpigapicha hulinganisha taswira mbili ndani ya kidirisha hadi ziwe moja: Contax za Zeiss Ikon, Leica za Wetzlar, Kiev na FED za Kisovieti, Yashica na Canonet za Japani. Hoja ya walalamikaji ina uzito. Ila wanavyoieleza, utadhani ngozi ni pambo tu lililobandikwa juu ya chuma. Katika kamera nyingi kati ya hizi ngozi ni sehemu ya mtambo, na kuna zile ambazo adui wao mkubwa ni ngozi hiyo hiyo.

Chukua Contax II ya mwaka 1936. Chini ya ngozi yake kuna vichwa vya ribiti na skrubu za shaba. Ngozi halisi hata ikishatengenezwa hubaki na mafuta na asidi, na hunyonya unyevu wa hewa. (Zile zinazotengenezwa kwa magome ya miti ndizo zenye asidi zaidi.) Miaka inavyopita, asidi na mafuta hayo hukutana na shaba, kutu ya kijani ikaota, ikavimba, ngozi ikainuka kama ina vipele. Kila mpenzi wa Zeiss anavijua vipele hivyo. Hata Contax IIa, iliyotoka baada ya vita mwaka 1950, inavyo.

Hapo ndipo ninaposhindwa kukubaliana na wanaosema "usiiguse." Wao huvipapasa vipele hivyo na kufurahi, kwa kuwa vinathibitisha kwamba ngozi ni ya kiwandani. Ni kweli, vinathibitisha. Lakini kila kipele ni mahali ambapo shaba inaliwa wakati huu tunapozungumza, na kuiweka kamera kabatini hakusimamishi kazi hiyo. Kwa sisi tunaoishi pwani, penye joto, unyevu na chumvi hewani, kutu hukimbia zaidi. Anayeacha ngozi hiyo ilivyo kwa heshima ya mafundi wa Dresden walioiunda Contax anaulinda mfuko na kuacha kilichomo kiharibike. Na sehemu kubwa ya ustadi wa mafundi wale ilikuwa kwenye shata ya chuma, yaani pazia linalofunguka kuingiza mwanga, na mfumo wa kupima umbali. Ngozi ilikuja mwisho.

Leica M3 ina shida nyingine kabisa. Wengi huita ngozi kile kilichoifunika, kumbe ni vulkanaiti, yaani mpira uliopikwa na salfa hadi ukawa mgumu. M3 ilianza kuuzwa mwaka 1954, na zaidi ya 220,000 zilitengenezwa, kwa hiyo zimebaki nyingi mikononi mwa watu. Vulkanaiti ikizeeka hukauka na kumeguka vipande vipande, hasa ukingoni na karibu na vishikio vya mkanda. Hakuna mafuta ya kuirudishia ulaini. Kipande kimoja kikishatoka, cha jirani hubaki na ukingo wazi, nacho hufuata. Mtu anayetembea na M3 yake kila siku atapoteza uasilia huo kidogo kidogo, apende asipende.

Kisha kuna Yashica Electro 35 na Canonet QL17 GIII. Hizi zimevaa reksini, yaani ngozi ya bandia, na skrubu za uso wa mbele zimefichwa chini yake. Fundi anayetaka kuifikia shata iliyoganda kwa mafuta mara nyingi hulazimika kuibandua, na reksini ya zaidi ya miaka 50 haikubali kila mara kurudi ilivyokuwa: huvutika au huchanika. Kukataza isibadilishwe ni sawa na kukataza kamera isitengenezwe.

Upande wa pili nao una mambo ambayo siwezi kuyapita. Ngozi ya Zeiss Ikon iligandamizwa jina la kampuni, na ukiitupa hupati nyingine yenye chapa ile. Vulkanaiti ina unene wake; ukiweka kitu chembamba kuliko hiyo, ukingo wa chuma hubaki umechomoza na vidole huuhisi kila unapoishika kamera. Wapo waliobandika kwa gundi kali isiyobanduka, wakamfungia njia fundi atakayekuja baadaye. Wapo pia waliosugua gundi ya zamani kwa asetoni wakaondoka na rangi nyeusi ya kiwandani.

Zito kuliko yote ni ulaghai. FED ilianza kutengenezwa Kharkiv mwaka 1934 kwa kuiga Leica II, kwa hiyo umbo lake linakaribia sana. Kuna FED na Zorki, kamera nyingine ya Kisovieti, chungu nzima zilizochongwa jina la Leica na tai wa Wanazi, zikavishwa ngozi mpya na kuuzwa kama mali ya jeshi la Ujerumani. Anayedai asione ngozi mpya bila maelezo ana kila sababu.

Lakini dawa ya ulaghai ni kusema ukweli. Muuzaji aandike kwamba ngozi imebadilishwa, na vipande vya zamani vifuatane na kamera ndani ya bahasha. Fundi naye asikimbilie kisu. Ngozi ya Contax ikiwa bado imara, huinuliwa taratibu kwa wembe mwembamba na spiriti, kutu ikakwanguliwa, kisha ngozi ile ile ikarudishwa. Ikikatika, ndipo mpya iletwe: nyembamba, ikiwezekana iliyotengenezwa kwa kromu badala ya magome, na ibandikwe kwa gundi inayoweza kubanduliwa. Maduka kama Aki-Asahi la Japani huuza vipande vilivyokatwa tayari kwa modeli nyingi, hivyo asiye na mkono wa kukata kwa usahihi halazimiki kubahatisha.

Juni 2022 kamera ya Oskar Barnack mwenyewe, mbunifu wa Leica, yaani Leica ya mfululizo wa 0 namba 105, iliuzwa Wetzlar kwa euro milioni 14.4. Kamera kama hiyo iachwe na kila mkwaruzo wake, na M3 nyeusi ya rangi ya kiwandani vilevile, hata kama vulkanaiti yake ina mapengo, kwa sababu ni chache na thamani yake iko katika kutoguswa. Canonet yenye reksini iliyochanika, M3 ya rangi ya fedha inayopiga picha kila wiki, au Contax ambayo vipele vyake vimeshapasua ngozi, ningezivika mpya bila kusita.