Mzungu Anakosea, Mheshimiwa Anafaidi

Julai 2015, Barack Obama akiwa njiani kuja Nairobi, CNN iliwaambia watazamaji wake kwamba rais wao haendi tu katika nchi ya baba yake bali pia kwenye kitovu cha ugaidi. Wakenya wa Twitter wakawaka. Heshitegi ya #SomeoneTellCNN ilikuwa imezaliwa mwaka 2012, baada ya runinga hiyo kuripoti shambulio la guruneti katika kituo cha mabasi cha Machakos jijini Nairobi kana kwamba nchi nzima inaungua. Sasa ikafufuka ikiwa na nguvu mpya. Picha za Thika Road zikamwagwa mtandaoni, pamoja na za nyama choma na za simba wa Maasai Mara (kwa nini kila tukitetea nchi tunakimbilia barabara na wanyama, sijui). Mwezi uliofuata Tony Maddox, mmoja wa wakubwa wa CNN, alisafiri hadi Nairobi kuomba radhi, akakutana na Rais Uhuru Kenyatta.

Tulistahili kuombwa radhi. Lakini tarehe 2 Aprili mwaka huohuo magaidi walikuwa wameua watu 148 katika Chuo Kikuu cha Garissa, wengi wao wanafunzi. Wazazi walikaa siku kadhaa kwenye mochari ya Chiromo, Nairobi, wakingoja kutambua miili, na maswali kuhusu saa ambazo kikosi maalumu cha polisi kilichukua kutoka Nairobi hadi Garissa yakabaki kuning'inia. Aliyeomba radhi mwaka ule kwa sauti ambayo sote tuliisikia akawa mwajiri wa mwandishi wa habari. Serikali ikapiga picha naye ikitabasamu.

Nina hoja moja kuhusu jambo hili, na inanikera kwa sababu haimpendezi mtu wa upande wowote. Ubaguzi wa rangi katika habari za siasa zetu upo, wala si hisia zetu tu. Anayefaidika nao zaidi ni mwanasiasa wa papa hapa, tena anafaidika mara mbili: kwanza habari inapoandikwa vibaya, halafu sisi tunapoilalamikia.

Wanaosema ubaguzi haupo wakumbushwe Februari 2022. Charlie D'Agata wa runinga ya CBS ya Marekani, akiripoti vita vya Ukraine kutoka Kyiv, alisema mji ule haufanani na Iraq wala Afghanistan, kwamba ni mji uliostaarabika kiasi, wa Kiulaya kiasi, na akaongeza kuwa maneno hayo inambidi ayachague kwa uangalifu. Aliomba radhi baadaye. Hayo ndiyo aliyoyachagua. Sijui yapi aliyaacha. Au turudi nyumbani, Januari 2019. Magaidi walishambulia hoteli ya DusitD2 pale Riverside, Nairobi, na kuua watu 21, na New York Times likachapisha picha ya maiti zikiwa zimelalia meza za mkahawa, wakati ambapo ndugu walikuwa bado wanapiga simu kutafuta watu wao. Baraza la Vyombo vya Habari la Kenya lilitaka picha iondolewe. Gazeti lilikataa, likasema wasomaji wake wanapaswa kuona ukatili ulivyo. Mauaji ya shuleni Marekani ni mengi mno kuhesabu hapa, na wasomaji haohao hawajawahi kuandaliwa kifungua kinywa cha miili ya watoto wao.

Hayo ni matusi, na matusi yanauma. Hata hivyo naona ubaguzi unaodhuru zaidi ni ule usio na matusi hata kidogo, ulioandikwa kwa lugha safi na mtu anayeamini kwamba anatuhurumia.

Desemba 2007, kura zilipovurugwa na nyumba zikaanza kuchomwa, Jeffrey Gettleman wa New York Times aliandika kwamba uchaguzi ule umegusa mshipa wa kale wa uhasama wa kikabila, uliokuwa umelala chini ya Kenya siku zote. Wengi walifuata mkondo huohuo. Msomaji wa New York alielewa mara moja: Waafrika wamerudia asili yao. Wasomi wetu walikasirika, na walikuwa na sababu. Nisichokisikia kikisemwa vya kutosha ni jinsi sentensi ile ilivyokuwa zawadi kwa watu fulani wa hapa hapa. Zaidi ya watu 1,100 waliuawa na mamia ya maelfu wakafukuzwa makwao. Tume ya Jaji Philip Waki ilipochunguza, ilikuta mikutano ya kupanga, pesa zilizotolewa, vijana waliokusanywa, dhuluma za ardhi zilizochochewa makusudi, redio za lugha za mama zilizomwaga petroli, na polisi waliofyatulia watu risasi. Ikaweka majina ya washukiwa ndani ya bahasha iliyofungwa, akakabidhiwa Kofi Annan, msuluhishi wa mgogoro ule, na mwaka 2009 Annan akaipeleka kwa mwendesha mashtaka wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai (ICC) huko The Hague.

Mshipa wa kale hauna jina la kutiwa ndani ya bahasha. Kama watu waliuana kwa sababu ndivyo walivyoumbwa, basi hakuna aliyewatuma, na mheshimiwa aliyelipa nauli ya vijana anaweza kusimama kanisani Jumapili kutuombea amani.

Hiyo ni faida ya kwanza. Ya pili ilikuja baada ya bahasha kufunguliwa. Uhuru Kenyatta na William Ruto walishtakiwa The Hague, na kufikia kampeni za 2013 kesi ilikuwa imegeuzwa kuwa kisa cha mabeberu dhidi ya Waafrika. Mei mwaka huo, Hailemariam Desalegn, waziri mkuu wa Ethiopia wakati huo, alisema ICC inawinda watu kwa rangi yao. Oktoba, Uhuru akiwa Addis Ababa aliiita mahakama hiyo kichezeo cha madola ya kibeberu yanayodidimia. Na hawakukosa ushahidi, kwa maana wakati huo waliokuwa wameshtakiwa na ICC walikuwa Waafrika watupu. Lakini waliochomewa ndani ya kanisa la Kiambaa walikuwa Waafrika pia, na waliouawa Naivasha vilevile, na katika hotuba zile za kupinga ubaguzi sikusikia nafasi yao. Kesi ya Uhuru iliondolewa Desemba 2014. Ya Ruto na Joshua arap Sang, mtangazaji wa Kass FM, ikasimamishwa Aprili 2016. Ruto leo ni rais.

Kampeni hizohizo za 2013 zilizaa ripoti ya CNN iliyoonyesha wanaume wachache wakifanya mazoezi msituni na silaha za kujitengenezea, wakidai wanajiandaa kwa uchaguzi. Serikali na Wakenya wengi walisema yale ni maigizo. Mtandaoni tukajichekea kwa heshitegi ya kuandika kama mwandishi wa kigeni, na kusema kweli tulichekesha sana. Aliyeripoti alikuwa Nima Elbagir, mzaliwa wa Sudan. Hapo ndipo shtaka la ubaguzi linapohitaji akili kidogo, kwa sababu kinachoamua si rangi ya anayeshika maikrofoni. Kazi kubwa ya habari za kigeni hufanywa na wenyeji, kuanzia wapiga picha hadi mafiksa, wale wanaowatafutia waandishi wa kigeni watu na njia, wanaojua ni chifu gani wa kupigiwa simu. Kichwa cha habari na zile sekunde thelathini za utangulizi hutoka Atlanta au London, kwa mhariri aliyekwisha kuamua Kenya ni hadithi ya aina gani kabla kamera haijawashwa.

Sasa mwaka huohuo wa kuwacheka wageni, studio zetu za Nairobi zilikuwa zikifanya nini? Zilikuwa zinahesabu makabila. Mutahi Ngunyi, mchambuzi wa siasa, alikaa mbele ya kamera na nadharia yake ya ubabe wa idadi: chukua Wakikuyu walioandikishwa, jumlisha na Wakalenjin, mshindi umempata kabla ya kura kupigwa. Hakukosea hesabu sana, Uhuru alitangazwa mshindi kwa asilimia 50.07. Ila nadharia ile ingetoka kinywani mwa Mwingereza, tungemfukuza hadi uwanja wa ndege. Ilipotoka kwa msomi wetu tuliiita uchambuzi. Mpaka leo fungua gazeti lolote la Nairobi usome siasa: ngome ya fulani, kura za Mlima Kenya, kapu la Magharibi, jamii fulani yadai haki yake serikalini. Mkulima wa kahawa wa Nyeri na mchuuzi wa soko la Gikomba, Nairobi, wanatiwa ndani ya kapu moja kwa sababu majina yao yanafanana. Huo ndio mshipa wa kale wa Gettleman, sema umetafsiriwa na wenyewe na kuwekewa ramani ya rangi.

Kuna upande mwingine wa ubaguzi huu ambao haukuibua heshitegi yoyote kubwa, na kwangu mimi ndio mzito kuliko yote. Ni ule wa kututarajia kidogo. Agosti 2017 tulipiga kura, mitambo ya kupeleka matokeo ikatiliwa shaka, upinzani ukapiga kelele. Waangalizi wa kimataifa, John Kerry, waziri wa zamani wa mambo ya nje wa Marekani, akiwa mmojawapo, walisifu kazi ya tume ya uchaguzi. Tahariri ya New York Times nayo ikapuuza madai ya Raila Odinga. Nchini tuliambiwa tukubali tuendelee na maisha. Tarehe 1 Septemba Jaji Mkuu David Maraga na wenzake watatu wa Mahakama ya Juu, dhidi ya wawili, walifuta uchaguzi ule. Gazeti lenyewe likakiri kwamba liliharakisha.

Kwa nini waliharakisha? Naamini ni kwa sababu walikuja kutafuta damu na hawakuiona kama ya 2007, wakahitimisha kwamba basi mambo yako sawa. Mwafrika asipochinja jirani yake, uchaguzi umefana. Hesabu za fomu, sahihi, namba zisizolingana, hayo ni mambo ya kuulizwa watu wa Florida, kule Marekani walikobishania hesabu ya kura mwaka 2000. Nimemsikia mtu akisema huo ulikuwa wema wao kwetu. Afadhali watutukane.

Na wema wa namna hiyo tuliuanzisha wenyewe. Mwaka 2013 mashine za kutambua wapigakura zilifeli, mtambo wa matokeo ukaanguka, na vyombo vyetu vikubwa vikatuimbia amani, amani, amani, hadi Mahakama ya Juu ilipothibitisha ushindi tarehe 30 Machi. Aliyeuliza sana alionekana mchochezi. Wageni walituona washenzi wanaosubiri kupigana, nasi tukathibitisha kwamba si washenzi kwa kutouliza kura zilihesabiwaje.

Kutoka hapo ni hatua fupi hadi kilio cha sura ya nchi, kilio kinachopendwa sana na maofisa wetu. Septemba 2013 jengo la maduka la Westgate, Nairobi, lilishambuliwa, watu 67 wakafa. John-Allan Namu na Mohammed Ali wa KTN walipoonyesha picha za kamera za ndani, wanajeshi wakitoka dukani na mifuko, Inspekta Jenerali David Kimaiyo aliwatishia wanahabari hao kwa kukamatwa. Hakukuwa na Mzungu wa kulaumiwa pale, kwa hiyo wakaambiwa si wazalendo. Januari 2018, Raila alipojiapisha Uhuru Park, serikali ilizima Citizen, NTV na KTN. Juni 2025, vijana walipoandamana kukumbuka wenzao waliouawa mwaka uliotangulia, runinga ziliamriwa ziache kuonyesha moja kwa moja, mahakama ikaingilia kati. Serikali hiihii inayowalilia CNN wawe waungwana ndiyo inayong'oa waya wa wetu.

Jirani zetu hawako mbali. Tanzania, enzi za Magufuli, mabeberu walilaumiwa kwa karibu kila kitu. Oktoba 29, 2025, siku ya kupiga kura, intaneti ilizimwa nchi nzima, na vyombo vya nje vilipoanza kuonyesha video za watu waliopigwa risasi, serikali ikalalamika kwamba habari zile ni za upande mmoja. Huenda kweli zilikuwa za upande mmoja. Mwenye kuzima intaneti ndiye aliyeufunga ule upande wa pili.

Nirudi Nairobi nimalizie na hili la BBC, kwa sababu bado lina joto. Tarehe 25 Juni 2024 Bunge lilipitisha Muswada wa Fedha kwa kura 195 dhidi ya 106, vijana wakavunja ua, na nje ya lango watu wakapigwa risasi. Karibu mwaka mzima baadaye, Aprili 2025, BBC ilitoa filamu iliyopitia zaidi ya picha na video 5,000 za siku ile, nyingi zikiwa zimepigwa na Wakenya wenyewe kwa simu zao, na kuonyesha maofisa inaodai walifyatua. Maonyesho yaliyopangwa Nairobi yakafutwa. Watengeneza filamu wanne Wakenya wakakamatwa, ingawa BBC ilisema hawakuhusika. Na bungeni, waheshimiwa wakasimama kudai BBC ina ajenda ya kigeni, wengine wakitaka ifungiwe kabisa. Ghafla wote walikuwa wapigania uhuru.

BBC ina madhambi yake kuhusu Afrika na mimi ni wa kwanza kuyataja. Lakini aliyelala pale lami alikuwa Mkenya, aliyeshika bunduki alikuwa Mkenya, na aliyerekodi alikuwa Mkenya. Mheshimiwa anayesema filamu ile ni upendeleo wa Wazungu ana picha 5,000 za kuchagua. Atuonyeshe iliyo ya uongo.