Ndege ya Plastiki Inachafuliwa, Gari la Kweli Linasuguliwa

Juma lililopita jirani yangu wa gereji, mzee Mwingereza ambaye kwa kawaida huwa hana neno na mtu, alirudi kutoka kwenye maonyesho ya magari ya zamani akiwa amekunja karatasi ya waamuzi mfukoni kama mtu aliyeficha hati ya deni. Maonyesho yenyewe sitayataja, kwa kuwa yanafanana na mengine mengi na ugonjwa wake ni wa wote. Gari lake ni MGB ya 1966, gari dogo la michezo la Kiingereza, jekundu, na wekundu huo ni ule ule lililotoka nao kiwandani. Boneti imefifia upande unaopigwa na jua, siti ya dereva imechanika ukingoni mahali ambapo kila anayeingia hukwaruza, na ukingo wa mlango umebaki bati tupu kwa sababu watu wa familia moja wameegemeza viwiko hapo tangu lilipokuwa jipya. Alipunguziwa alama kwa kila kimoja kati ya hivyo. Kikombe kilikwenda kwa MGB nyeupe iliyofumuliwa hadi nati ya mwisho, ikakatwa, ikachomelewa, ikapigwa msasa na kupakwa rangi inayong'aa kiasi kwamba mtu angeweza kunyoa ndevu mbele ya mlango wake.

Hayo ningeyameza, kwa kuwa mashindano ni mashindano. Kilichonifanya nishindwe kunyamaza ni kwamba mwenye gari lile jeupe ninamfahamu vizuri: ni mwenzangu katika kikundi cha wajenzi wa ndege za modeli hapa Coventry. Novemba iliyopita tulikuwa naye Telford, kwenye maonyesho ya modeli yaitwayo Scale ModelWorld, na watu walijipanga kupiga picha Spitfire yake, ndege ya kivita ya Waingereza, ya kipimo cha 1:48. Sifa zote zilikuwa za uchafu. Walimsifu kwa moshi uliotandaa kutoka kwenye ekzosi hadi nyuma ya chumba cha rubani, kwa rangi iliyobanduka kwenye shina la bawa la kushoto ambako rubani hukanyaga anapopanda, na kwa michirizi ya baruti chini ya mabawa, nyuma ya matundu ya bunduki. Mtu mmoja, mikono miwili: mmoja unaibunia historia ndege ambayo haijawahi kuruka hata kutoka mezani hadi sakafuni, na mwingine unaifuta historia ya gari lililotembea kwa zaidi ya miaka hamsini.

Ninajua ni kazi kiasi gani kuuchora uchafu ule, na kwa sababu hiyo hasira yangu inazidi. Unaanza kwa kupulizia rangi ya fedha pale bati litakapoonekana, unafuata na dawa ya kushikilia nywele, ile ya dukani kabisa, kisha unapulizia rangi ya kijani au ya udongo juu yake. Ikishakauka kidogo unailowesha kwa maji na kuisugua kwa brashi iliyochakaa, hadi rangi ya juu ianze kuachia vipande vidogo vidogo na fedha ichungulie. Baadaye unachukua rangi ya mafuta, unaiweka nukta moja nyuma ya bolti, na kuivuta kwa brashi yenye kiyeyushi kufuata jinsi upepo ungepita ndege ikiwa angani. Hatua yenyewe ya kuchora ni ndogo ukilinganisha na saa za kutazama picha za wakati wa vita: vitambaa vyekundu vilivyobandikwa kwenye midomo ya bunduki vimetoboka au bado ni vizima? Kama ni vizima, basi bunduki hazijapigwa tangu zilipojazwa risasi, na wewe mwenye kuchora michirizi ya baruti ing'aayo chini ya bawa hilo umesema uongo. Mjenzi mzuri wa modeli huwaza hivyo. Huliuliza kila doa limetoka wapi.

Mtu huyo huyo, akivuka ua na kuingia gereji, huacha kuuliza kabisa. Doa ni adui, mkwaruzo ni aibu, na rangi iliyofifia ni kilema cha kutibiwa.

Nitakubali, kwa shingo upande, kwamba hata sisi wa modeli tumezidisha. Spitfire za kikosi cha mstari wa mbele mwaka 1940 zilikuwa changa, nyingi hazikuishi muda wa kutosha kuzeeka, na mafundi wake walizisafisha kwa bidii kwa sababu uso uliochafuka hupunguza kasi. Ukizitazama zinazopangwa kwenye meza za mashindano utadhani ziliegeshwa jangwani kwa muongo mzima. Lakini kosa hilo angalau linaelekea upande wa ukweli. Anayelifanya anajaribu kusema kwamba chombo hiki kilitumika, kilibeba mtu, kilipita mahali.

Wanaotetea gari jeupe huniambia kwamba wao wanalirudisha lilivyokuwa siku ya kwanza. Siku ipi hiyo? MGB zilitoka kiwandani Abingdon kuanzia 1962 hadi kiwanda kilipofungwa Oktoba 1980, na zikiunganishwa zile za wazi na zile za GT zenye paa la bati, idadi yake ilipita nusu milioni. Hayo yalikuwa magari ya mshahara wa kawaida, yaliyotengenezwa kwa haraka na watu waliokuwa na gari jingine linasubiri nyuma. Mianya ya milango haikulingana. Rangi ilikuwa na vinundu kama ganda la chungwa, na sehemu zisizoonekana zilipata rangi kidogo au hazikupata kabisa, jambo ambalo kutu ililifahamu mapema kuliko wanunuzi. Hakuna MGB iliyotoka Abingdon ikiwa kama ile iliyopewa kikombe. Kwa hiyo hawalirudishi popote. Wanatengeneza gari ambalo halijawahi kuwapo, kisha wanalipachika namba ya gari lililokuwapo.

Na siku hizi hilo linawezekana kirahisi mno. Tangu 1988 kampuni ya British Motor Heritage imekuwa ikitengeneza bodi mpya kabisa za MGB, kwa kutumia vyuma vile vile vya kukandamizia bati vilivyotumiwa na kiwanda. Siwalaumu hata kidogo. Bila wao magari mengi yangekuwa yamekwisha kuyeyushwa. Lakini ukiweka bodi mpya, siti mpya, nyaya mpya, injini iliyopigwa ovaholi na vipande vya kromu kutoka kwenye katalogi, ni nini kinachokupa haki ya kusimama mbele ya gari hilo na kusimulia kwamba lilinunuliwa mwaka fulani na mwalimu fulani wa Oxford?

Mahakama Kuu ya London ililikuta swali hili mwaka 1990, na jibu lake lilikuwa na busara kuliko waamuzi wetu wa maonyesho. Gari lilikuwa Bentley Speed Six iitwayo Old Number One, iliyoshinda mbio za Le Mans 1929 na tena 1930. Baada ya hapo ilibadilishwa sana kwa ajili ya mbio, ikapata ajali kwenye uwanja wa mbio wa Brooklands mwaka 1932 iliyomuua Clive Dunfee aliyekuwa akiiendesha, ikajengwa tena kwa umbo jingine, na ikaendelea kubadilika. Mnunuzi aliyekubali kuitwaa kwa pauni milioni 10 aligeuka akidai kwamba sehemu za 1929 zilizosalia ni chache mno, kwa hiyo lile si gari lenyewe. Jaji Otton alimkatalia. Vipande vilikuwa vimebadilishwa, lakini uhai wa gari haukukatika: kila badiliko lilifuata lililotangulia, na hapakuwa na siku ambayo Old Number One ilitoweka na nyingine ikazaliwa mahali pake. Kilicholipatia gari lile haki ya jina lake ni mfululizo wa maisha yake, pamoja na ajali zake zote. Sasa wewe unayeufumua mfululizo huo kwa msasa na kuita kazi hiyo heshima kwa historia, unaheshimu nini hasa?

Watu wa ndege za kweli wamelielewa jambo hili kitambo. Nenda makumbusho ya jeshi la anga la Uingereza, Hendon, ukaitazame ndege ya mabomu Halifax W1048. Ilipigwa Aprili 1942 ilipokwenda kuishambulia manowari ya Tirpitz nchini Norway, ikatua juu ya ziwa lililoganda, barafu ikayeyuka, nayo ikazama. Ilitolewa majini 1973. Wangeweza kuinyoosha na kuipaka rangi hadi ipendeze, lakini imeachwa ilivyotoka, bati limekunjamana na ngozi imetoboka, na sijaona mgeni anayeipita bila kupunguza sauti. Au chukua Dornier 17, ndege ya mabomu ya Wajerumani iliyoangushwa Agosti 1940 na kuinuliwa kutoka Goodwin Sands Juni 2013. Huko Cosford, kwenye tawi la makumbusho hayo hayo, waliinyunyizia maji yenye asidi ya limau kwa miaka, si ili ing'ae, bali ili chumvi itoke na bati lisiendelee kuliwa. Ni kazi ya subira kuliko ya mpaka rangi yeyote, na lengo lake lote ni kwamba asiyejua aone kana kwamba hakuna kilichofanyika.

Tena wasiniambie kwamba ndege ni ndege na magari ni magari. Malcolm Sayer, aliyechora umbo la gari la mbio la Jaguar D-Type na baadaye E-Type ya 1961, alitoka Bristol Aeroplane Company, na sehemu ya kati ya D-Type imejengwa kama kiwiliwili cha ndege, maganda ya alumini yaliyobeba mzigo yenyewe. Kiwanda cha Castle Bromwich kilichotoa Spitfire nyingi kuliko kingine chochote ndicho baadaye kilichotoa Jaguar.

Najua hoja ya kutu itakuja, basi niijibu. Boriti za bati zilizo chini ya milango ya MGB ndizo uti wa mgongo wake. Zimejengwa kwa tabaka, na zikioza kwa ndani wakati ganda la nje bado zuri, gari hujikunja katikati na milango hugoma kufunga. Hapo hakuna mjadala wala mapenzi ya ukale: kata hadi ufikie chuma kizima, chomelea kipya. Breki pia, mipira yake na mabomba yake, visubiri hisia za nani? Na nyaya za Lucas, kampuni ya vifaa vya umeme ambayo Waingereza wenyewe huitania kuwa ni Mkuu wa Giza, ziangaliwe zote, hasa na mtu anayerithi gari la zamani ambalo chanya ya betri ndiyo iliyofungwa kwenye bodi. Mimi sitetei uzembe. Ninachosema ni kwamba kilichooza kitolewe kwa sababu kimeoza, na kilichochakaa tu kiachwe kichakae.

Mjomba wangu alikuwa na gereji Majengo, Mombasa, na kanuni yake ilikuwa hiyo hiyo, ingawa yeye aliifikia kwa njia ya umaskini. Mteja akileta gari lenye bonde kwenye bampa na klachi iliyokufa, alitengeneza klachi. Bonde lilibaki, na mtaa mzima ulilijua gari kwa bonde lake. Aliwahi kumwambia mteja mmoja aliyetaka lote linyooshwe, "Mwanangu, ukilitoa hilo, askari wa Buxton watakusimamisha kila siku, hawatakujua." Sijui kama angeelewa kwa nini watu wazima wanachora bonde la bandia kwenye ndege ya plastiki, lakini gari lile jeupe angelizunguka mara moja na kuuliza linauzwa bei gani, akidhani ni la dukani.

Kuhusu wanaong'oa injini na kuweka mota ya umeme, nitasema tu kwamba wangenunua gari la umeme. Kuhusu Jaguar waliotangaza mwaka 2016 kwamba watajenga magari tisa mapya ya michezo ya XKSS kuchukua nafasi ya zile tisa zilizoungua kwenye moto wa kiwanda chao cha Browns Lane wa Februari 1957, angalau wao hawakuficha kwamba ni mpya, na bei ilikuwa ya watu ambao hawasomi makala zangu.

Ni kweli kwamba pepo zimeanza kugeuka. Hata maonyesho ya magari ya Pebble Beach, California, makao makuu ya kung'arisha, wana kundi la magari yaliyohifadhiwa bila kuguswa, na kuna wanunuzi wanaolipia vumbi ambalo gari lilitoka nalo ghalani. Na jambo hilo limeanza kuzaa udanganyifu wake: nimeona kwenye tangazo la mauzo bati ambalo kutu yake ilikuwa na michirizi mizuri mno, yenye mpangilio, na nikautambua mkono wa mjenzi wa modeli.

Mimi pia nina MGB yangu, nayo iko juu ya stendi sasa, upande wa kulia umefunguliwa, na kipande kipya cha chini ya mlango kimeshachomelewa. Mwenye gari jeupe alipita kuitazama, akaona bati jipya litakavyotofautiana na madigadi ya mbele iliyofifia, na kwa wema kabisa akajitolea kuja na brashi yake ya hewa ili alizeeshe lifanane na mengine. Nilimkatalia. Litapakwa rangi ile ile ya kiwanda, mstari wa kipya na cha zamani utaonekana wazi, na mvua ya barabara kati ya hapa na Abingdon italishughulikia bila malipo.