"Maple Leaf Rag": kufuata noti au kujiachia?

Septemba 1899, mchapishaji John Stark wa mji wa Sedalia, Missouri, alitoa karatasi za noti za "Maple Leaf Rag", wimbo wa piano wa Scott Joplin, Mmarekani mweusi ambaye baba yake aliwahi kuwa mtumwa. Wapiga piano hadi leo wanavutana juu yake: uipige taratibu kama ilivyoandikwa, au ujiachie?

Wanaotaka ipigwe taratibu wana mtunzi mwenyewe upande wao. Mwaka 1908 Joplin alichapisha mazoezi ya kujifunza ragtime, mtindo wa muziki ambao wimbo huu ni wake, na humo alikataza kabisa kuipiga haraka. Ukikaa kwenye piano utamwelewa. Mkono wa kushoto unakwenda gwaride: besi, kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja), besi, kodi. Wa kulia unagoma kufuata hatua. Noti zake zinaangukia katikati ya mapigo, unadhani zimepotea njia, mara mikono inakutana. Halafu, katikati ya sehemu ya kwanza, gwaride linakatika ghafla, mlio unaingia huzuni, na noti zinapanda kutoka chini mpaka juu. Ukikimbia, yote hayo ni kelele tu.

Kuna na suala la pesa, ambalo wengi hulisahau. Mkataba ulimpa Joplin senti moja kwa kila nakala iliyouzwa. Wimbo ukipigwa usiku kucha kwenye baa, yeye hapati kitu. Mlo wake ulikuwa kwenye karatasi.

Lakini ragtime yenyewe haikuzaliwa kwenye karatasi. Ililelewa vilabuni, ambako wapigaji walitambiana na kila mmoja alitia chumvi yake. Mwaka 1938, katika Maktaba ya Bunge mjini Washington, mpiga piano wa jazz Jelly Roll Morton aliurekodi wimbo huu kwa mitindo miwili: wa Missouri, kisha wa kwake wa New Orleans. Huo wa pili unayumba kwa madaha, na bado unautambua wimbo. Hata mikanda ya piano ya 1916 yenye jina la Joplin, yaani karatasi zenye matundu yanayoifanya piano ijipige yenyewe, ina mapambo ya besi yasiyomo kwenye chapa ya kwanza. Ingawa mafundi wa kiwandani nao waliweza kutoboa matundu ya ziada, kwa hiyo ushahidi huo siuegemei sana.

Mimi kwenye mwendo niko na Joplin, kwenye noti niko na Morton. Sehemu ya kwanza inasikika mara tatu. Mara mbili za mwanzo ipige ilivyo. Ikirudi baada ya sehemu ya pili, pamba besi upendavyo. Ila noti zinapoanza kupanda, usikimbie.